Barua ya wazi: Chakula cha samaki wa Nyumba ya Mungu nacho kipimwe

Kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Kwa wizara zinazosimamia maji na uvuvi. Kwa Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Manyara. Na kwa Wakurugenzi wa Halmashauri za Wilaya za Moshi, Mwanga na Simanjiro.

YAH: UPIMAJI WA JOTO, OKSIJENI NA PLANKTONI KATIKA BWAWA LA NYUMBA YA MUNGU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari na mkazi wa Moshi. Naandika kuomba jambo ambalo halihitaji fedha nyingi wala sheria mpya: kwamba maji ya Bwawa la Nyumba ya Mungu yapimwe kila mwezi kuanzia usoni hadi chini, yaani joto lake, oksijeni iliyomo na viumbe wadogo wanaoelea ndani yake, na kwamba majibu ya vipimo hivyo yawe mezani kila mnapokaa kuamua kufunga au kufungua uvuvi, kufungulia maji ya mitambo ya umeme, au kutoa vibali vya umwagiliaji kwenye mito inayolilisha bwawa. Ikiwa vipimo vya namna hiyo tayari vimo katika majalada ya ofisi zenu, basi ombi langu ni fupi zaidi: vitolewe hadharani kwa Kiswahili, na vibandikwe kwenye mialo.

Nalisema hili kwa sababu mjadala wetu kuhusu bwawa hili kwa miaka mingi umekuwa mjadala wa nyavu. Tunahesabu mitumbwi, tunachoma makokoro, tunapima matundu ya nyavu, na hali inapozidi kuwa mbaya tunafunga bwawa kwa miezi kadhaa ili samaki wapumzike. Sipingi hata moja kati ya hayo. Kokoro linaloburuta vifaranga na kuvuruga viota vya perege halina mtetezi katika barua hii. Lakini samaki aliyepumzishwa anahitaji kula, na chakula chake kinatii joto la maji, mwanga na upepo kuliko kinavyotii amri ya serikali. Dunia imekwisha kupata ongezeko la joto la zaidi ya nyuzijoto 1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na maziwa hayakubaki nyuma. Uchunguzi wa maziwa 235 ya sehemu mbalimbali za dunia, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1985 na 2009 maji ya juu katika msimu wa joto yalikuwa yakiongezeka joto kwa wastani wa nyuzijoto 0.34 kila miaka kumi. Mtu anayeoga ziwani hawezi hata kuihisi tofauti hiyo. Kiumbe ambaye joto la mwili wake ni lile lile la maji anayoishi huihisi katika kila tendo la uhai wake.

Ninaposema chakula cha samaki, nazungumzia kitu kinachoonekana kwa macho. Nendeni soko la Mbuyuni asubuhi, simameni karibu na akina mama wanaoparua samaki, mtazame perege akipasuliwa. Utumbo wake hutoka umejiviringa, mrefu mara kadhaa kuliko samaki mwenyewe, na ukikatwa humwaga tope la kijani lililochanganyika na kahawia. Kambare aliye kwenye beseni la pili ana utumbo mfupi na mnene, maana yeye ni mla nyama. Urefu ule wa utumbo wa perege ni wa kumeng'enya mwani, dayatomu (mwani mdogo sana wenye ganda gumu) na mabaki ya mimea, chakula kigumu ambacho samaki wengi hawakiwezi. Chukueni tone la tope lile mliweke chini ya hadubini ya shule, na mtaona maganda ya dayatomu, mengine marefu na membamba, mengine ya mviringo, yote yakiwa na mistari midogo iliyopangwa kwa utaratibu wa kushangaza. Ganda la dayatomu ni la silika, na silika haimeng'enyeki, kwa hiyo utumbo wa samaki unabaki na ushahidi wa mlo wake.

Viumbe hao wanaoelea bila nguvu ya kushindana na mkondo ndio wanaoitwa planktoni. Wapo walio mimea, kama dayatomu na mwani wa kijani, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Wapo walio wanyama, ambao huwala hao wa kwanza: rotifa, kopepodi na viroboto wa maji. Vifaranga vya karibu kila aina ya samaki, hata wale watakaokuwa wala nyama ukubwani, huanza maisha kwa kula hawa wanyama wadogo. Juu yao yuko kambare, juu ya kambare yuko mnandi na mwari, na juu ya wote tupo sisi na mafuta ya kukaangia.

Katika kila ngazi ya mlolongo huo sehemu kubwa ya chakula hupotea. Kwa kawaida hukadiriwa kwamba takriban asilimia 10 tu ya nguvu iliyomo katika ngazi moja hufika ngazi inayofuata, na iliyobaki hutumika kupumua, kuogelea na kuishi. Ndiyo sababu perege, anayekula karibu kabisa na mwanzo wa mlolongo, anaweza kutoa kitoweo kingi kuliko samaki mla samaki katika maji yale yale, na ndiyo sababu mojawapo Nyumba ya Mungu, bwawa lililokamilika katikati ya miaka ya 1960, lilitoa mavuno makubwa kiasi kile mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale maji mapya yalipokuwa yametandaa juu ya ardhi yenye rutuba. Mavuno yale hayakurudi tena. Wazee wa Lang'ata, kando ya bwawa, wanayasimulia hadi leo, na sisi tumezoea kuyaeleza kwa neno moja, uvuvi haramu, ambalo ni kweli lakini halitoshi.

Kuna jaribio ninalolifanya darasani ambalo ningependa kila mjumbe wa kamati za uvuvi alione. Kiroboto wa maji, ambaye kwa asili ni jamaa wa kamba na kaa, ana mwili angavu kiasi kwamba chini ya hadubini moyo wake unaonekana ukidunda, na mayai yanaonekana yamepangwa mgongoni. Mwanafunzi akiongeza maji ya vuguvugu kwenye kioo, moyo ule huongeza kasi hadi anashindwa kuuhesabu. Mnyama hajafanya kazi yoyote ya ziada. Joto peke yake limempandishia gharama ya kuishi, na sasa anahitaji kula zaidi ili abaki alivyokuwa. Sehemu ya chakula ambayo ingekuwa mayai, na baadaye kifaranga cha perege, imeishia kwenye kupumua.

Jambo hilo limepimwa kwa kiwango kikubwa kuliko kioo cha hadubini. Nchini Uingereza watafiti walichimba madimbwi ya majaribio, wakayapasha baadhi yake joto la nyuzijoto 4 juu ya hali ya kawaida kwa miaka 7 mfululizo, na mengine wakayaacha yalivyo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 walieleza kwamba, katika madimbwi yenye joto, uwezo wa planktoni mimea kupitisha nguvu kwenda kwa planktoni wanyama ulipungua kwa hadi asilimia 56. Naomba takwimu hiyo isomwe kwa makini. Madimbwi yale hayakuwa na mvuvi hata mmoja. Hakukuwa na kokoro, hakukuwa na sumu. Mlolongo wa chakula ulidhoofika kwa sababu ya joto tu, na ulidhoofika chini kabisa, mahali ambapo hakuna ofisa uvuvi anayekwenda kukagua.

Nimesikia hoja kwamba joto litaongeza mwani, na mwani ukiongezeka samaki watashiba. Hoja hiyo ina mantiki kwa nje, na ningependa iwe kweli, lakini inasahau kwamba mwani si wa aina moja. Maji yanapopita nyuzijoto 25, yakatulia, na yakawa na fosforasi na naitrojeni nyingi kutoka mashambani na mijini, wanaoneemeka zaidi ni sainobakteria, wale ambao wengi huwaita mwani wa kijani-buluu. Baadhi yao wana vifuko vya gesi vinavyowawezesha kuelea hadi juu na kuwaziba wengine mwanga. Hukaa kwa makundi au nyuzi ndefu ambazo kiroboto wa maji hawezi kuzimeza, na hata anapozimeza hukosa mafuta muhimu ambayo dayatomu humpa kwa wingi. Maji yanakuwa ya kijani kabisa, huku vifaranga vikikosa cha kula. Ukijani wa maji peke yake haumwambii mtu chochote kuhusu neema.

Halafu kuna sumu. Baadhi ya sainobakteria hutoa sumu inayoharibu ini, na Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha tahadhari cha mikrogramu 1 kwa lita kwa aina inayojulikana zaidi katika maji ya kunywa ya kila siku. Kuchemsha maji hakuiondoi. Nalirudia kwa ajili ya maofisa afya wa kata zinazozunguka bwawa, ambako watu na mifugo hunywa maji yale yale: kuchemsha, ambako tumewafundisha watu kwa miaka yote na kwa sababu nzuri, hakusaidii kitu dhidi ya sumu hii. Kanda yetu haijakosa onyo. Mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi katika Ziwa Manyara na katika Momella Kubwa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na watafiti waliochunguza maji yake walitaja sumu za sainobakteria kuwa chanzo kinachowezekana. Yale ni maziwa ya magadi, na mambo yake hayafanani moja kwa moja na ya bwawa la maji baridi, ila viumbe wanaozungumziwa ni wa ukoo mmoja.

Joto pia linaondoa hewa majini. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yakiwa na nyuzijoto 20 huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita katika usawa wa bahari; yakifika nyuzijoto 30 uwezo huo hushuka hadi karibu miligramu 7.5, na katika mwinuko wa bwawa letu, unaokaribia mita 700, unapungua tena kidogo. Wakati huo huo samaki, bakteria na planktoni wanapumua kwa kasi zaidi. Mchana mwani hutoa oksijeni na kila mtu hudhani mambo ni mazuri. Usiku mwani wenyewe huivuta, na ikiwa ni mwingi, saa za kabla ya mapambazuko maji hubaki bila hewa ya kutosha. Mvuvi anayewahi nyavu zake alfajiri akawakuta perege wamekuja juu, midomo imetoka nje ya maji, anaona mwisho wa usiku wa namna hiyo. Mkaguzi anayefika saa nne asubuhi na chombo chake cha kupimia ataandika kwamba oksijeni ipo ya kutosha, na hatakuwa amedanganya. Ndiyo maana naomba vipimo viwe vya alfajiri pia.

Waheshimiwa, mtu akitaka kuelewa uhusiano wa upepo, joto na planktoni katika kanda hii, hahitaji kwenda mbali. Ziwa Chala, lile la kreta lililo mpakani kwetu na Kenya upande wa Rombo, lina kina kinachokaribia mita 90, na chini yake kuna tope lililojipanga kwa matabaka ya kila mwaka. Msimu wa mvua huacha tabaka jeusi. Unapofika wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Septemba, hewa ikapoa na kusi ikavuma, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama na kuchanganyika na ya chini. Virutubisho vilivyokuwa vimelala kwenye giza hupanda kwenye mwanga, dayatomu huzaana kwa wingi, kisha hufa na kuzama, na maganda yao huacha tabaka jeupe. Tope lililotolewa pale limehifadhi kumbukumbu ya miaka 25,000. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, watafiti walioongozwa na Christian Wolff walisoma unene wa matabaka hayo na kukuta kwamba katika nyakati za karibuni unafuata mzunguko wa El Niño na La Niña, yaani kupanda na kushuka kwa joto la Bahari ya Pasifiki kunakoyumbisha mvua zetu: miaka mikavu yenye upepo iliacha matabaka manene, na miaka ya mvua nyingi iliacha membamba. Walikuta pia kwamba katika kipindi cha barafu, dunia ilipokuwa baridi zaidi, mvua za kanda hii hazikuyumba sana mwaka hadi mwaka kama zinavyoyumba sasa.

Kwa lugha ya mialo, mwaka wa dayatomu unatengenezwa na kipupwe. Kipupwe kikiwa dhaifu, maji ya juu yakabaki ya moto na mepesi, chakula hakipandi.

Hilo ndilo linalotokea Ziwa Tanganyika, na kwa kuwa ziwa lile limechunguzwa kuliko bwawa letu, naomba mniruhusu nilitumie. Lina kina cha mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina oksijeni lakini ina hazina ya virutubisho. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha ushahidi kutoka kwenye tope la ziwa hilo kwamba uzalishaji wa planktoni mimea huenda umepungua kwa takriban asilimia 20 katika karne ya 20 kwa sababu ya joto na upepo uliopungua, na wakakadiria kwamba samaki wangepungua kwa takriban asilimia 30. Wapo waliosema kwamba tatizo la Tanganyika ni uvuvi uliozidi, na mjadala huo ulikuwa wa haki. Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliohesabu mabaki ya samaki katika tope lenye umri unaojulikana, ulionyesha kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara kuingia ziwani. Dagaa walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya meli za kuwavua kufika. Kumbukeni kwamba ziwa hilo lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024. Mimi naunga mkono hatua ile, na nimefurahi kuona miezi iliyochaguliwa inagusa msimu wa kusi, maana kumpumzisha samaki wakati chakula kinapopanda kuna maana kubwa kuliko kumpumzisha wakati maji yamelala. Je, miezi ya kufunga Nyumba ya Mungu inachaguliwa kwa kuangalia planktoni, au kwa kuangalia kalenda ya ofisi na bajeti ya doria?

Siwezi kuyachukua ya Tanganyika na kuyabandika kwetu kama yalivyo. Nyumba ya Mungu halina kina kikubwa. Upepo wa jioni unaweza kulichanganya karibu lote, kwa hiyo hofu yangu kwetu si chakula kufungiwa chini. Hofu yangu ni ya aina nyingine: bwawa la kina kifupi hupata joto hadi chini, halina tabaka la baridi ambamo samaki anaweza kukimbilia, linapoteza maji mengi kwa mvuke, na kila upepo mkali huinua tope linalozuia mwanga. Halafu usawa wake hupanda na kushuka kwa mapenzi ya mito ya Kikuletwa na Ruvu kwa upande mmoja na milango ya bwawa kwa upande mwingine. Perege dume huchimba kiota chake kwenye maji mafupi ya pembezoni, jike hutaga humo na kuyabeba mayai mdomoni, na vifaranga hurudi kukulia pale pale pembezoni kwenye majani, kwenye rotifa na kopepodi wengi. Maji yakishuka mita moja kwa haraka katika ukingo ulio tambarare, malezi yote hayo hubaki juu ya udongo mkavu, na mwezi unaofuata tutasema wavuvi wamemaliza vifaranga.

Najua uzito wa jambo hili. Maji yanayopita Nyumba ya Mungu huzalisha megawati 8 pale pale, kisha hushuka kuendesha mitambo ya Hale na ya Pangani Mpya, yenye uwezo wa megawati 21 na 68, na katikati yake kuna wakulima na miji. Sitarajii mtambo usimamishwe kwa ajili ya kiota cha perege. Naomba tu kwamba pale mnapokuwa na nafasi ya kuchagua kati ya kushusha maji kwa siku tatu na kuyashusha kwa wiki mbili, basi ijulikane kwamba uchaguzi huo una gharama kwa upande wa chakula, na gharama hiyo iandikwe kwenye karatasi ile ile inayoandikwa megawati. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua kwamba viumbe wa majini wana fungu lao la maji, na bonde hili lilikwisha kufanyiwa tathmini ya mtiririko wa mazingira katika miaka ya 2000, mapema kuliko mabonde mengi ya nchi yetu. Hatuanzi sifuri.

Hapa niseme neno kuhusu theluji, kwa sababu najua itatajwa kikaoni. Barafu ya Kilimanjaro imepungua sana. Kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa takriban asilimia 85, na wapiga picha wa dunia nzima wamelishuhudia hilo. Lakini mito yetu hulishwa zaidi na mvua inayonyesha kwenye mkanda wa msitu na kunyonywa na mlima kisha kutokea kama chemchemi, na mchango wa barafu katika maji ya bwawa ni mdogo mno. Msitu ukiondoka tutaumia kuliko barafu ikiondoka. Imekuwa bahati mbaya kwetu kwamba mabadiliko ya tabianchi ya Kilimanjaro yamekuwa habari ya kileleni, ilhali huku tambarare, kwenye maji ya vuguvugu yenye rangi ya chai, mambo yanabadilika bila mpiga picha.

Hakuna ofisi kati yenu inayoweza kupunguza joto la dunia, na sitawaomba hilo. Kinachowezekana ni kupunguza mizigo mingine ambayo joto linaizidisha, na mkubwa kuliko yote ni rutuba iliyozidi. Maji ya mji wa Arusha huteremka kwa Mto Themi hadi Kikuletwa. Ya Moshi na mashamba yaliyo chini yake huteremka kuelekea huko huko. Mbolea inayosombwa na mvua ya kwanza ya masika, na maji machafu yasiyokaa kwenye mabwawa ya kusafishia kwa muda unaotakiwa, huwalisha sainobakteria bure. Mita 60 za kingo za mito, ambazo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazilinda, zingefanya sehemu kubwa ya kazi ya kuchuja kama zingeachwa na matete na miti yake. Nazitaja kwa kifupi kwa sababu kila mmoja wenu anazijua, na kila mmoja wenu anajua pia shamba la nani limefika majini.

Jambo la pili ni uvumilivu kabla ya kupandikiza samaki wapya au kuruhusu vizimba vingi vya ufugaji ndani ya bwawa. Chakula cha vizimba kisicholiwa, pamoja na kinyesi, huongeza fosforasi ile ile. Na samaki wa kigeni tumeshaona anavyoweza kumsukuma mwenyeji: Chala lina perege wake asiyepatikana ziwa lingine lolote duniani, Ziwa Jipe nalo limempa jina perege mmoja wa bonde hili, na wote wawili leo wanaishi pamoja na wageni walioletwa na watu. Kabla ya kuongeza midomo, tujue kwanza sahani ina nini.

Kuhusu gharama, naomba msiogopeshwe. Uwazi wa maji hupimwa kwa sahani nyeusi na nyeupe iliyofungwa kamba yenye alama, kifaa kilichotokana na sahani nyeupe aliyoitumia Padri Angelo Secchi mwaka 1865 na ambacho fundi yeyote wa Moshi anaweza kukitengeneza kwa bati. Kipimajoto na kipima oksijeni cha kushusha majini ni kifaa cha kubebwa mkononi. Wavu wa planktoni ni kitambaa chenye matundu madogo sana na chupa mwishoni. Unavutwa kutoka chini hadi juu, chupa inafunguliwa, sampuli inahifadhiwa, inahesabiwa. Wavuvi wanao mitumbwi na wanajua kina cha kila sehemu ya bwawa kuliko ramani zetu. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vikipewa mafunzo ya siku chache na posho halali, vinaweza kuchukua vipimo vya alfajiri katika vituo vitatu: karibu na mlango wa bwawa, katikati, na pale mito inapoingilia. Hesabu ya planktoni inahitaji jicho lililofunzwa, na jicho hilo lipo: tuna Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, na Tengeru pale tuna Taasisi ya Nelson Mandela yenye maabara na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada. Ziwa Duluti liko hatua chache kutoka Tengeru, kwa hiyo hata mahali pa kufanyia mazoezi papo. Shule zetu pia zingesaidia, ingawa sitaki kulipamba jambo hili: data ya wanafunzi ni ya kujifunzia, na uamuzi wa kufunga bwawa usitegemee hesabu ya kidato cha tatu.

Thamani ya vipimo hivi iko kwenye kuendelea. Kipimo cha mwezi mmoja ni picha tu. Cha miaka mitano kitatuambia kama kipupwe bado kinaleta dayatomu, kama sainobakteria wanaanza mapema kuliko zamani, kama viroboto wa maji wamekuwa wadogo kuliko walivyokuwa, maana katika maji ya moto viumbe wengi hukomaa wakiwa na umbo dogo, na kifaranga anayewinda vidogo hutumia nguvu nyingi kwa faida ndogo. Kwa hiyo naomba kazi hii isiwe mradi wa mfadhili wenye tarehe ya kuzinduliwa na tarehe ya kufungwa. Iwekwe katika bajeti ya kawaida ya bonde, hata kama ni fungu dogo, na apangiwe mtumishi mmoja ambaye ataulizwa kwa jina ikiwa mwezi umepita bila kipimo.

Ombi langu la mwisho ni la tarehe. Kipimo cha kwanza kifanyike kabla kusi haijaanza kuvuma mwezi Juni, kisha kirudiwe kila mwezi hadi Oktoba, ili mwaka wa kwanza tu utupe hali ya maji kabla ya kipupwe, wakati wa kipupwe na baada yake. Majibu yake yasomwe mbele ya wavuvi kabla ya kikao chochote cha kujadili kulifunga tena bwawa, na wavuvi wapewe nafasi ya kusema walichokiona wao kwenye maji yale yale katika miezi ile ile.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa baiolojia,
Moshi

Nakala: Viongozi wa BMU katika mialo ya Bwawa la Nyumba ya Mungu